Gharama Zinazojificha Nyuma ya Kodi ya Nyumba



Tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya kodi ya nyumba, nasi tunaanza na hesabu, kwa maana wengi wetu hapa Dar es Salaam huuliza bei ya chumba kwa mwezi na kuishia hapo.

Tuseme chumba ni shilingi 60,000. Mwenye nyumba anadai miezi 6 mbele, yaani 360,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Hivyo, kabla mpangaji hajatandika kitanda, ametoa 420,000, na chumba kile kwa kweli kinamgharimu 70,000 kwa mwezi. Bado gari la kuhamisha vyombo, bado kitasa kipya. Akiondolewa baada ya miezi 6, dalali anamngoja tena. Na mama anayeuza vitumbua atazitoa wapi fedha zote hizo kwa mkupuo? Hukopa ule mkopo ambao mitaani huitwa "kausha damu", na jina hilo halikutolewa kwa mzaha.

Kisha umeme. Vyumba sita hutumia mita moja. Mwenye taa moja huchangishwa sawa na mwenye friji, na hapo ndipo unapoanzia ugomvi mwingi tunaoletewa. Tena, mnamo Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kiasi chake ni kidogo, twakubali. Hata hivyo ni haki mpangaji arudishiwe, na jambo hilo liandikwe katika mkataba.

Mkataba tunausisitiza kwa sababu sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kinga kubwa ya mpangaji imebaki katika maandishi aliyoyatia saini: muda wa notisi, ni nani atakayetengeneza paa, maji yatalipwaje. Wengi wetu hatuna hata risiti.

Wenye nyumba nanyi mmo humu, twawajua. Baadhi yenu ni wajane ambao chumba kimoja ndicho shamba lao. Hatuwaombi mpangishe bure. Twawaomba mpokee kodi ya miezi 3 badala ya 6, na mtoe risiti.

Viongozi wa jumuiya, wiki hii pitieni mikataba pamoja na wapangaji wenu. Asiyejua kusoma asomewe kabla hajatia dole gumba.