Adhabu Ilingane na Kosa



Awali ya yote nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuwa mgeni rasmi katika ufungaji wa mashindano haya ya gofu. Nawapongeza washindi, na kwa uzito uleule nawapongeza makedi ambao tangu alfajiri walibeba mifuko na kutafuta mipira vichakani. Baada ya pongezi hizo, naomba dakika chache nizungumzie jambo ambalo linanigusa sana: kanuni za mchezo wetu.

Tunajivunia kwamba gofu ni mchezo wa uaminifu, na ni kweli. Hakuna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji uwanjani. Mchezaji anajihesabia mikwaju, na akikosea anajiadhibu mwenyewe hata kama hakuna aliyemwona. Basi mtu anayekubali kujiadhibu anastahili kanuni za haki, na haki ya kwanza ni kwamba adhabu ilingane na kosa. Bado tuna kanuni ambazo haziko hivyo.

Nianze na kadi ya matokeo. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza siku ya mwisho kwa mikwaju 65, ambayo ingemfikisha kwenye mchujo na Bob Goalby. Shimo la 17 alilimaliza kwa mikwaju 3, umati ukishuhudia na televisheni ikionyesha. Mchezaji mwenzake aliyekuwa akimwandikia kadi aliandika 4. De Vicenzo akaitia saini bila kuliona kosa. Kanuni ilisema, na inasema hadi leo, kwamba ukisaini alama kubwa kuliko uliyopata, hiyo kubwa ndiyo yako. Akahesabiwa 66, na Goalby akawa bingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Ukisaini alama ndogo kuliko uliyopata, mambo ni mabaya zaidi. Februari 2024, kwenye mashindano ya Genesis Invitational huko California, Jordan Spieth alisaini 3 badala ya 4 kwenye shimo moja. Akaondolewa mashindanoni, ingawa kila mkwaju wake ulikuwa umerekodiwa na mitambo ya waandaaji. Nakubali kwamba kadi ni kiapo cha mchezaji, na kwenye klabu zetu ambako hakuna kamera ndiyo ushahidi pekee. Lakini ukweli unapojulikana na wote, kazi ya kamati iwe kuusahihisha. Mzembe aongezewe mkwaju mmoja au miwili, na asiyeiba asipewe adhabu ya mwizi.

La pili ni mpira unaoangukia kwenye kovu la nyasi. Mmeupiga mpira vizuri, umekwenda moja kwa moja katikati ya njia. Mnaufikia, mnaukuta umetulia ndani ya kishimo kilichochimbwa na fimbo ya mtu aliyepita kabla yenu akaondoka bila kukiziba. Kanuni inasema piga hapo hapo. Lakini ukiangukia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama, unaruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Wenzetu wa klabu ya Jinja, Uganda, wanajulikana kwa kanuni yao ya mahali: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji anauinua na kuuangusha pembeni bila kuongezewa mkwaju. Waliona hali ya uwanja wao wakaitungia kanuni ya haki. Nami nauliza, kwa nini aliyekutana na alama ya kiboko apate nafuu, na aliyekutana na alama ya uzembe wa binadamu mwenzake aikose?

Wapo wanaojibu kwamba ni vigumu kujua kovu linaanzia wapi na linaishia wapi. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina jawabu. Nafuu itolewe kwenye nyasi fupi tu, na kwa kovu ambalo mchezaji mwenzako naye analiona na kukubali. Tangu 2019 tunaruhusiwa kusawazisha alama za viatu kwenye grini, na mchezo haukuharibika.

La tatu ni mpira uliotoka nje ya mipaka. Ukizamisha mpira kwenye bwawa unaongeza mkwaju mmoja na kuangusha mwingine karibu na maji. Mpira ukivuka vigingi vyeupe vya mpaka kwa upana wa kidole, unaongeza mkwaju mmoja na pia unarudi ulikopigia, ukipoteza umbali wote. Kundi la nyuma linasimama, na mzunguko wa saa nne unakuwa wa saa tano na zaidi.

Ndugu zangu, asije mtu akasema kanuni hizi haziguswi. Zilianza kuandikwa Leith, Scotland, mwaka 1744, zikiwa 13 tu, na zimebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2017, kwenye mashindano ya ANA Inspiration, mchezaji Lexi Thompson alikuwa akiongoza siku ya mwisho alipoambiwa katikati ya mchezo kwamba ameongezewa mikwaju minne. Mtazamaji wa televisheni alikuwa amewaandikia waandaaji kwamba jana yake mchezaji huyo aliurudisha mpira mahali tofauti kidogo na alipouinua. Mikwaju miwili ilikuwa ya kosa hilo, na miwili ya kusaini kadi isiyo na adhabu ambayo hakujua kama ipo. Alifungana na So Yeon Ryu, akashindwa kwenye mchujo. Kabla mwaka haujaisha, R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za dunia nzima, vilitangaza kwamba taarifa za watazamaji hazitapokelewa tena na kwamba adhabu hiyo ya pili imefutwa. Mwaka 2019 vikapunguza kanuni kutoka 34 hadi 24. Kilio cha wachezaji kilisikika.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, kamati yetu iitumie kanuni ya mahali iliyoruhusiwa tangu 2019 kwa klabu kama yetu: mpira ukitoka nje, mchezaji aangushe mwingine karibu na ulipotokea, kwa mikwaju miwili ya adhabu, bila kurudi nyuma. Pili, viongozi wa gofu wa nchi yetu waandike rasmi kwa R&A kuhusu kadi na kuhusu makovu ya nyasi. Tatu, makedi wetu wafundishwe kanuni kwa Kiswahili, kwa sababu wao ndio macho ya mchezaji uwanjani.

Wakati tunasubiri majibu ya wakubwa, kila mmoja wetu azibe kovu aliloliacha kabla ya kuondoka. Hilo halihitaji kibali cha mtu yeyote.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mashindano haya yamefungwa rasmi.