Wanawake Walioshika Funguo za Ngome

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za nchi tatu za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmaki, Norwe na Uswidi, ambazo tangu mwaka wa 1397 zilifungamana chini ya mfalme mmoja.

Katika Uswidi ya zamani, binti alipoozwa, maneno ya sheria yalitaja wazi haki zake: heshima ya mke, nusu ya kitanda, kufuli na funguo, na theluthi ya mali. Pengine msikilizaji atauliza, "Funguo za nyumba ni utawala gani?" Lakini nyumba ya mtu mkubwa zamani zile aghalabu ilikuwa ngome. Mfalme alimkabidhi bwana ngome pamoja na wilaya iliyoizunguka. Kodi ililetwa humo, nafaka, siagi, samaki na ngozi; humo walilishwa askari, na humo iliwekwa akiba ya silaha. Bwana naye mara nyingi alikuwa safarini au vitani. Basi mwenye funguo ndiye aliyejua ghalani mna nini, nani amelipa na nani hajalipa, na chakula kilichopo kitatosha miezi mingapi. Na bwana akifa, mjane alisimamia mali yake mwenyewe.

Watu wa Uswidi waliona utawala huo kwa macho yao mwaka wa 1501, walipomwasi Mfalme Hans wa Denmaki. Mkewe, Malkia Christina, aliachwa katika ngome ya Stockholm na watu wapata 1,000. Walizingirwa majira yote ya baridi, kwa njaa na maradhi, na malkia alipotoa ngome mwezi wa Mei 1502, waliosalia walikuwa kama 70 tu.

Miaka kumi na minane baadaye ngome ile ile ilizingirwa tena. Safari hii aliyekuwa nje ni Mfalme Christian wa Pili, mwana wa Christina huyo huyo, na aliyekuwa ndani ni mwanamke wa Uswidi, Kristina Gyllenstierna.

Mumewe, Sten Sture, aliitawala Uswidi bila kumtii mfalme. Januari 1520 alijeruhiwa vitani. Katika nchi ile, wakati wa baridi, maji ya ziwa huganda yakawa magumu kama jiwe, hata farasi hupita juu yake. Naye alipokuwa akirudishwa Stockholm juu ya barafu ya ziwa Mälaren, akafa njiani. Wazee wengi wa baraza wakapatana na mfalme. Kristina, mjane wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye watoto wadogo, akakataa. Akafunga milango ya Stockholm. Huko kusini, katika ngome ya Kalmar, mjane mwingine, Anna Bielke, aliyefiwa na mumewe mwaka ule ule, naye akakataa.

Stockholm ilishika hata Septemba. Ndipo Kristina alipofungua milango, baada ya mfalme kutoa hati ya ahadi kwamba yaliyopita yamesamehewa. Anna naye akaitoa Kalmar.

Novemba mfalme akavikwa taji, akawafanyia wakubwa karamu siku tatu. Mara milango ikafungwa. Askofu Mkuu Gustav Trolle, ambaye Sten Sture alikuwa amemwondoa na kubomoa ngome yake, akasimama kudai haki. Kristina akatoa hati ya mwaka wa 1517, ionyeshe kwamba shauri lile halikuwa la mumewe peke yake, bali la wakubwa wote wa nchi. Hati aliyoitoa kumtetea marehemu ikawa ushahidi wa kuwashitaki walio hai. Kwa siku mbili watu zaidi ya 80 wakauawa. Maiti ya Sten Sture ikafukuliwa, ikachomwa moto. Kristina mwenyewe akapelekwa Denmaki, akatiwa gerezani Copenhagen pamoja na mama yake.

Wasikilizaji wangu, watu husema kwamba mwanamke huyu alishindwa. Mimi nasema tutazame vizuri. Kuta alizozilinda hazikuvunjwa na mizinga ya mfalme. Zilifunguliwa kwa neno la mfalme, na neno lile lilipovunjwa, ufalme wake nao ulivunjika. Uswidi ikaasi, na mwaka wa 1523 ikamchagua Gustav Vasa, mwana wa dada yake Kristina, awe mfalme wake. Mwaka huo huo Denmaki nayo ikamkataa Christian. Tangu mwaka wa 1532 alikuwa mfungwa, akiishi katika ngome ambazo funguo zake zilishikwa na wengine, hata akafa mwaka wa 1559.

Kristina alifunguliwa, akarudi kwao. Yeye pia alifariki mwaka wa 1559, huko Hörningsholm, nyumbani kwake.