Haki ya Mtoto Asiyeona

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa macho na nyoyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu. Khutba yetu ya leo, hapa Dakawa, inahusu kazi ya kuwafundisha watoto wasioona. Hapa petu pana Chuo cha Ualimu, na vijana wake wanatafuta njia ya kushika maishani. Tena wako wazazi wenye mtoto asiyeona, nao huona haya kumtoa nje.

Mnaijua sababu ya kuteremka Suratu Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba kipofu, alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Mola wetu akabainisha kwamba ajaye kwa hamu ya kujifunza ana haki ya kusikilizwa. Baadaye sahaba huyo akawa mwadhini pamoja na Bilal, na mara kadhaa Mtume alipotoka Madina alimwachia uimamu wa sala.

Imepokewa pia kwamba kipofu mmoja aliomba ruhusa ya kusali nyumbani, kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza. Mtume akamruhusu, kisha akamwita tena, akamwuliza kama huisikia adhana. Alipokiri kuwa huisikia, akamwamrisha aiitikie.

Tuzingatie jambo hili, ndugu zangu. Mtoto asiyeona akibaleghe, sala humlazimu kama inavyotulazimu sisi. Basi ni haki yake afundishwe kama tulivyofundishwa sisi. Vipi tutamdai mtu hesabu ya somo tulilomnyima?

Siku ya Ijumaa huwaona vipofu wazee kwenye milango ya misikiti, wakiongozwa na watoto wadogo. Tunawapa sadaka, na sadaka ina thawabu zake. Lakini tujiulize: mzee huyu alipokuwa na umri wa miaka 7, nani alimfundisha? Na huyu mtoto anayemshika mkono, leo anasoma wapi?

Enyi vijana, kazi hii ina elimu yake. Mwalimu hujifunza maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, naye alikuwa kipofu tangu utotoni. Alichapisha maelezo yake mwaka 1829. Nukta 6 tu, zikipangwa kwa namna mbalimbali, huandika kila herufi na kila tarakimu. Hata Kurani Tukufu imechapishwa kwa nukta hizo. Mwalimu huyo hasemi, "Tazameni ubaoni," akanyamaza. Hukitamka kila anachokiandika. Akifundisha habari za mpunga wetu, humpa mtoto suke alipapase kwa vidole, ahesabu punje zake. Humfundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, kufua nguo zake na kutandika kitanda chake. Mwenye uoni hafifu humketisha mbele, akamwandikia kwa herufi kubwa.

Elimu hiyo hufundishwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Na barabara hii ipitayo Dakawa, ukiifuata kuelekea Dodoma, hukufikisha Buigiri, penye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Tusione uzito kukiri kwamba katika kheri hii wenzetu walitutangulia. Sheria ya nchi ya mwaka 2010 kuhusu watu wenye ulemavu nayo inamtambulia mtoto huyo haki ya elimu.

Wazazi, mwenye mtoto asiyeona ampeleke kwa mwalimu mkuu aandikishwe na kuelekezwa shule inayomfaa. Walimu wa madrasa, mpokeeni. Kuhifadhi Kurani hutaka sikio na moyo, navyo anavyo. Nawe kijana uliyeitwa katika kazi hii, usidhani umeangukia ualimu wa daraja la chini. Umepewa amana ambayo wengi waliikunjia uso.

Ewe Mola wetu, zitie nuru nyoyo zetu, wala usitufanye miongoni mwa wenye macho wasioona haki. Wabarikie walimu wa watoto hawa, na uwafungulie watoto hawa milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.