Dubu Wanapoamka Yellowstone

Mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imetanda, dubu dume katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, huanza kutoka mapangoni. Majike wenye watoto wachanga hukawia hadi Aprili au Mei. Dume hutoka na njaa ya miezi mingi, na mara nyingi mlo wake wa kwanza ni mzoga wa nyati aliyeshindwa na baridi. Hapo hukutana na kunguru, na pia mbwa mwitu waliorejeshwa mwaka 1995 baada ya kutoweka kwa takriban miaka 70.

Watalii huvutiwa zaidi na ndama wa nyati. Wana rangi ya kutu, na wanasimama muda mfupi tu baada ya kuzaliwa. Mama zao wamekonda, manyoya ya baridi yanawabanduka mafungu mafungu. Huu ndio wakati mbaya kabisa wa kuwasogelea, kwa sababu mnyama anayekimbizwa sasa anachoma mafuta ambayo hana.

Sheria inataka meta 23 kutoka kwa nyati, na meta 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Mwaka 2016 wageni walimpakia ndama garini wakidhani anaumia baridi. Askari wa hifadhi walijaribu kumrudisha kundini, likamkataa, ikabidi auawe. Inauma, kwani waliomchukua walimhurumia kwa dhati.

Barabara ya Bonde la Lamar hupitika mwaka mzima. Anayetaka kuwaona wanyama hawa aende pale alfajiri, na darubini.