Kufunga kwa Saa: Je, Kunapunguza Uzito?

Leo tunazungumzia kufunga kula kwa saa kadhaa ili kupunguza uzito.

Njia inayojulikana zaidi ni kula ndani ya saa 8, kisha kukaa saa 16 bila chakula. Kwa mfano, unakula kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni maji safi tu, au chai isiyo na sukari.

Mwaka 2022, watafiti wa Guangzhou, China, walitoa matokeo ya watu 139 wenye unene uliozidi. Wote walipunguza chakula. Kundi moja lilifuata pia saa maalumu za kula. Baada ya mwaka, watu wa makundi yote mawili walipungua uzito, bila tofauti kubwa. Kumbe kilichosaidia zaidi ni kupunguza chakula, si saa. Ukifungua kwa ugali mwingi, mawese na soda, umejisumbua bure. Punguza ugali, ongeza sombe, lengalenga na ndagala, kisha tembea.

Wasijaribu: watoto, mama wajawazito na wanaonyonyesha, na wenye vidonda vya tumbo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa asianze bila daktari, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla. Na anayekula mara moja kwa siku kwa kukosa, huyo hafungi, anahitaji chakula.

Kabla ya kuanza, mama, baba, pita kwanza kituo cha afya upimwe uzito, presha na sukari.