Madoa meupe ya samaki: kutibu kwa kalenda ya kimelea katika mabwawa ya Rungwe

Nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa madoa meupe, na nimeombwa na makundi mawili: wenye mabwawa ya perege na kambale mabondeni, na wachache wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo, baadhi yao wakitamani samaki wa baharini. Nitaanza na mabwawa, maana huko ndiko chakula na ada za shule zilipo.

Anayesababisha ugonjwa huu katika maji yasiyo na chumvi ni kimelea cha chembe moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kilielezwa kisayansi na Fouquet mwaka 1876, na leo kipo karibu kila mahali duniani panapofugwa samaki, kwa kuwa samaki wenyewe wamekisafirisha. Sehemu hiyo ya pili ya jina ina maana ya "mwenye watoto wengi", na wakulima wa samaki hawana sababu ya kubishana nayo.

Maisha yake yana hatua tatu, na mwenye kuzielewa ameshaelewa tiba. Hatua ya kwanza ni ile tunayoiona. Kimelea kimejichimbia chini ya ngozi laini ya samaki, juu ya mapezi na ndani ya matamvua, kinakula na kunenepa hadi kufikia takribani milimita moja. Samaki anaonekana kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani. Hatua ya pili, kikishashiba, kinatoka, kinaanguka chini, kinajigandisha kwenye tope, jiwe au jani, kinajifungia ndani ya kifuko na kuanza kujigawa: viwili, vinne, vinane, hadi mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Hatua ya tatu, vitoto hivyo vinapasua kifuko na kuogelea kutafuta samaki. Visipompata ndani ya siku moja au mbili hivi, vinakufa.

Dawa unayoweka majini haikifikii kimelea kilicho chini ya ngozi, na kilicho ndani ya kifuko nacho kimejikinga. Inaua kile kinachoogelea tu. Kwa hiyo mtu akiweka dawa leo, kesho kutwa akaona madoa yametoweka na kusema samaki wamepona, amekosea hesabu. Madoa yametoweka kwa sababu vimelea vimeshashiba na kwenda chini kuzaa. Baada ya siku chache madoa yanarudi, safari hii mara kumi ya yale ya kwanza, na hapo ndipo samaki hufa kwa wingi. Ninyi maafisa uvuvi mnaoitwa shambani mtakubaliana nami kwamba lalamiko la "dawa ilifanya kazi halafu ikashindwa" ni la kawaida mno. Dawa haikushindwa. Iliachwa mapema.

Sasa tuje kwenye jambo linaloifanya Rungwe iwe tofauti na Kyela. Kasi ya mzunguko huu wote inaamuliwa na joto la maji. Kwenye nyuzi 24 au 25 mzunguko unakamilika katika siku tatu hadi sita. Maji yakiwa nyuzi 15, unachukua wiki mbili hivi. Yakishuka hadi 10, unapita mwezi. Na maji yakizidi nyuzi 30, kimelea hakiwezi kuendelea. Mji wetu wa Tukuyu upo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa, ambalo Kyela iko kando yake, lipo mita 475 hivi. Bwawa la Kyela lenye jua la mchana linaweza kuufukuza ugonjwa lenyewe. Bwawa la Isongole, huku Rungwe, mwezi Julai, chini ya ukungu, linautunza.

Baridi hiyohiyo inamdhoofisha samaki. Perege ni samaki wa joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu yake ya kula inapungua, na kwenye 16 au 17 anaacha kula kabisa. Asiyekula hana nguvu ya kujikinga. Ndiyo maana Juni hadi Agosti ndio msimu wa kuangalia samaki kwa makini, na ndio msimu ambao mimi nisingemshauri mtu yeyote wa wilaya hii aingize vifaranga vipya. Najua wengi hupenda kununua wakati huo kwa sababu mavuno ya mpunga wa Kyela na chai yameacha fedha mkononi. Fedha hiyo iwekwe hadi Septemba au Oktoba.

Ratiba za tiba tunazozisoma mara nyingi ziliandikwa kwa maji ya nyuzi 25 na kuendelea. Tiba ya siku saba inayotosha huko haitoshi hapa. Maji yakiwa nyuzi 16 hadi 18, panga wiki tatu, na usihesabu tangu siku ya kuweka dawa ya kwanza. Endelea walau siku kumi baada ya doa la mwisho kuonekana. Kipimajoto cha kutumbukiza majini kitakusaidia kuliko chupa ya dawa usiyojua imetengenezwa wapi. Pima asubuhi na alasiri, uandike.

Dawa gani? Kwa maji baridi ya aina yetu, chumvi ya kawaida ndiyo ninayoiamini. Gramu 3 kwa lita moja zinatosha kuua vitoto vinavyoogelea, na perege huzivumilia bila shida. Zifikie polepole, theluthi moja kila baada ya saa kadhaa. Lakini tupige hesabu kabla ya kukimbilia dukani. Bwawa la mita 10 kwa 15 lenye kina cha mita moja lina lita 150,000. Linahitaji kilo 450 za chumvi, yaani mifuko tisa ya kilo 50, na mvua ya Rungwe itaanza kuipunguza siku hiyohiyo. Simtanki ya lita 1,000 inahitaji kilo 3. Tofauti hiyo inatuambia wapi pa kupigania vita: kwenye simtanki, kabla vifaranga havijaingia bwawani.

Naomba hapa nikae kidogo, kwa kuwa ndiyo hoja yangu kubwa. Vifaranga vinapopandishwa kutoka bondeni, iwe kwa ndoo juu ya bodaboda au kwa mifuko ya plastiki ndani ya basi, vinapata misukosuko mitatu kwa pamoja: msongamano, upungufu wa hewa na kushuka kwa joto. Doa moja lisiloonekana kwenye shavu linatosha. Viwekwe kwanza kwenye simtanki au shimo dogo lililotandikwa turubai, wiki mbili msimu wa joto, wiki tatu hadi nne msimu wa baridi. Asiye na uwezo wa chumvi ana njia nyingine isiyo na dawa: awe na vyombo viwili, ahamishe vifaranga kila siku kutoka kimoja kwenda kingine, kile kilichoachwa kisuguliwe na kuanikwa juani hadi kikauke kabisa. Vifuko vilivyoganda chini hufa kwa ukavu kabla ya kupasuka. Ni kazi, tena ya kila siku, na hamisha kwa upole maana kila kushikwa kunamwondolea samaki ute wake. Lakini gharama yake ni jasho tu. Wavu na ndoo za karantini zisiguse bwawa jingine.

Na kama bwawa limeshaugua? Acha kulisha kupita kiasi, ondoa waliokufa kila asubuhi uwafukie, na ongeza maji yanayopita. Mifereji yetu ya kutoka milimani ni neema, kwa sababu mkondo wenye nguvu husomba vitoto kabla havijapata samaki. Ila husomba kuelekea wapi? Mabwawa mengi ya Rungwe yamepangwa kwenye kijito kimoja, la juu likimwagia la chini. Unapojisafisha unamwambukiza jirani. Natoa rai kamati za vijito, pale zilipo, ziweke sharti la kutoa taarifa kabla ya kufungulia maji, na jirani wa chini afunge mlango wake wa maji kwa siku hizo. Baada ya kijito kuna mto Mbaka au Kiwira, na baada ya hapo Ziwa Nyasa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Kwa sababu hiyo siungi mkono kumwaga fomalini wala mrututu bwawani. Fomalini inapunguza hewa ya majini na ni hatari kwa anayeishika. Mrututu katika maji laini, yenye alkalini ya chini ya miligramu 50 kwa lita, unaweza kuua samaki kabla ya kimelea. Ile rangi ya kijani ya malakaiti imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa Marekani na katika Umoja wa Ulaya. Isitumike kwa samaki atakayekwenda sokoni.

Si kila cheupe ni ugonjwa huu. Utando kama pamba kwenye kidonda ni ukungu, na huja sana baada ya kushika samaki kwenye maji ya baridi. Uvimbe mweupe au wa manjano, mkubwa kuliko kichwa cha pini, huenda ni mnyoo anayeletwa na ndege na konokono; chumvi haimgusi. Na yale madoa meupe ya kamba yaliyoangamiza ufugaji Msumbiji mwaka 2011 ni kirusi, hayana undugu wowote na haya.

Kwa wenzetu wa matangi ya kioo. Samaki wa Ziwa Nyasa mnaowatoa Matema hutibiwa kwa kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30 kwa hita, hewa ikiongezwa, kwa siku kumi hivi. Wa baharini ni habari nyingine. Kimelea chao ni Cryptocaryon irritans, kilichopewa jina na Brown mwaka 1951. Doa ni lilelile kwa macho, tabia ya kutoka, kuganda na kupasuka ni ileile, ila hiki ni cha chumvi, na tiba inageuka juu chini: unapunguza chumvi ya bahari kutoka gramu 35 hadi 15 kwa lita, au unatumia shaba ya miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, kwa wiki tatu au zaidi. Shaba inaua matumbawe na kamba, na mawe ya matumbawe huifyonza, hivyo tibu kwenye tangi tupu la pembeni. Vifuko vyake hukaa muda mrefu. Imeripotiwa hadi siku 72 kabla ya kupasuka. Tangi kubwa likae bila samaki muda wote huo. Kwa umeme wetu na umbali wetu na pwani, mimi ningebaki na samaki wa Matema.

La mwisho ni la sampuli. Mkihisi ugonjwa, msilete samaki aliyekufa tangu jana, kwa sababu vimelea humwacha mzoga ndani ya saa chache na hadubini haitaona kitu. Leteni watatu au wanne wanaoonesha dalili, wakiwa hai, ndani ya mfuko wenye theluthi ya maji ya bwawa lenyewe na theluthi mbili za hewa, asubuhi kabla ya jua. Afisa uvuvi wa halmashauri akikwangua ute kidogo kutoka kwenye pezi na kuuweka chini ya hadubini, ataona chembe ya mviringo inayojiviringisha taratibu, na ndani yake kiini chenye umbo la kiatu cha farasi. Akikiona hicho, kipimajoto kitampa idadi ya siku.