Korongo Aliyekaribia Kuachwa na Wenzake

Leo twataka kuwaelezeni habari za mgeni mmoja aliyekaa nasi katika chuo chetu cha ualimu.

Kila mwaka, mvua za vuli zinyeshapo, makorongo weupe hushuka katika nyanda zetu kutoka Ulaya. Hukaa hata mwezi wa Machi, wakila panzi, nzige na viwavi. Kisha hurudi kwao kuzaa. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani hujificha matopeni. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika. Hapo wakapata ushahidi wa kuwa husafiri mpaka Afrika. Korongo huyo amehifadhiwa hata leo katika chuo kikuu cha Rostock.

Mgeni wetu naye aliumizwa na mtu. Mwezi wa Januari mtoto mmoja wa shule yetu ya mazoezi alimpiga jiwe kwa manati, akamvunja mfupa wa bawa. Mganga wa mifugo aliuunga mfupa, akalifunga bawa ubavuni kwa kitambaa, akatuambia tungoje majuma manne. Yule mtoto tulimpa kazi ya kumtafutia panzi na samaki wadogo. Tulimwagiza aweke chakula aende zake, asimshike wala asimwite. Kwani ndege azoeaye watu hana salama njiani.

Kitambaa kilipofunguliwa, bawa lilikuwa limekakamaa, naye aliruka kama kuku. Tukamjengea banda refu la miti na nyavu ajizoeze. Mwezi wa Machi ukaingia, na makorongo wengine wakaanza kukusanyika. Hapo twalishindana. Wengine walisema, "Tumfuge, awe pambo la chuo." Wengine wakasema, "Tumfungue leo, wenzake wasije wakamwacha." Yule mtoto akasema, "Tungoje mpaka aruke toka pembe hii hata ile mara kumi, bawa lisilegee." Tukamsikiliza.

Korongo ni mzito, kadiri ya kilo 3 au 4. Hawezi kupiga mabawa njia yote. Huzunguka katika hewa ipandayo kwa joto la jua, akapandishwa juu sana, kisha huteleza mpaka penye hewa nyingine kama hiyo. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo hufuata nchi kavu, kwa njia ya Sudani, Misri na Sinai, maelfu ya kilomita. Bawa dhaifu haliwezi safari hiyo.

Siku alipofaulu, saa 4 asubuhi, nchi ilipokwisha kupata joto, tukafungua mlango. Akatembea kidogo, akaruka chini chini hata shamba la mahindi, akatua. Tulidhani ameshindwa. Kisha akaruka tena, akazunguka, akapanda, akachanganyika na wenzake hata hatukuweza kumtambua. Yule mtoto alisimama uwanjani mpaka adhuhuri, wala hatukumwita darasani.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Korongo hangoji siku ya tatu apewe jembe. Tangu siku ya kwanza hula wadudu waharibuo mashamba yetu. Basi, mkimwona ndege aliyeumia, msimfunge kamba mguuni. Mtafutieni mganga upesi, na akiisha kupona, mpeni ruhusa aende kwa wakati wake. Kwaherini.